Siku Nilipomsomea Waziri wa Utafiti Wasifu Wake

Kuanzia Ngonga hadi Busale, hakuna mtu mwenye hadhi aliyewahi kuzikwa vizuri bila mimi!

Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema kwa takwimu. Nilistaafu ualimu mwaka 1985, na hadi mwaka 1993, mambo haya yalipotokea, nilikuwa nimeandika na kusoma makaburini wasifu wa marehemu mia moja na kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Kwetu mtu akifariki, kabla ng'ombe wa msiba hajachaguliwa, mjumbe hutumwa kwangu. "Mwalimu Hezroni, njoo na daftari." Nami huvaa miwani, huketi na wafiwa, nikauliza kwa utaratibu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha nani. Vichwa vitano, katika mpangilio huo huo, kama tulivyofundishwa na walimu waliotuchapa fimbo moja kwa kila koma iliyosahauliwa.

Siku ya maziko husimama mbele ya jeneza nikasoma kwa sauti ya taratibu. Nikiamua, huweza kuwaliza hata wale waliofuata wali peke yake.

Shida yangu ilikuwa moja. Hakuna mtu aliye hai aliyenihitaji!

Nilipokuwa Mwalimu Mkuu, wazazi walinipisha njiani. Baada ya kustaafu, ukiniona naitwa mahali, ujue pana maiti. Wagonjwa walianza kunikwepa. Mzee mmoja wa Njisi, mwenye kikohozi cha kawaida kabisa, aliponiona nakatiza uwanja wake aliruka kutoka kitandani akashika jembe na kuanza kupalilia migomba, ilimradi nimwone ana nguvu.

Basi ilipotangazwa kwamba Kituo cha Utafiti wa Mpunga kitafunguliwa Ngonga, kwamba Waziri wa Utafiti mwenyewe atakuja na Naibu wake, na kwamba siku hiyohiyo atamteua Mwenyekiti wa Kamati ya Wakulima Washauri, moyo wangu uliruka kuliko yule mzee wa Njisi.

Mwenyekiti! Mtu wa kuitwa kwenye vikao ambavyo kila aliyehudhuria anapumua!

Habari hizo nilizipeleka barazani kwa Bwana Abdulwahab, mwenye duka mjini Kyela, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ulimi wake haujatoka huko hata leo. Miaka michache nyuma duka lake lilikuwa na mizani, viberiti na pole. Sasa milango ya biashara imefunguliwa, na humo ndani mna sabuni za aina tisa, redio za Kijapani zilizotengenezwa kila mahali isipokuwa Japani, na marobota ya mitumba yaliyofika hadi darini. Katika robota moja nilijichagulia koti la buluu lenye vifungo vya rangi ya dhahabu, mikono yake mirefu kidogo.

"Limekukaa, maalim," alisema Bwana Abdulwahab. "Mwenyewe alikuwa bawabu wa hoteli, lakini hapa nani ajuaye?"

"Bwana Abdulwahab, hili ni koti la kukutana na mwanasayansi. Waziri wa Utafiti ni lazima awe mtafiti, kama vile mchungaji ni lazima awe amebatizwa."

"Haya. Na Waziri wa Michezo amewahi kufunga magoli mangapi?"

"Hiyo ni michezo! Utafiti ni jambo la vipimo na ushahidi."

"Basi tafuta ushahidi, maalim wangu. Usinipe mimi hotuba na koti hujalivua lebo."

Ushahidi nilikuwa nautaka hata hivyo, kwa sababu asubuhi ileile Katibu Kata, Bwana Anyosisye, alikuwa amekuja kwangu na ombi. Kamati ya mapokezi ilitaka wageni wasomewe wasifu wao mbele ya wananchi.

"Hapa hatuna mwingine anayejua kusoma wasifu wa mtu, Mwalimu," alisema.

"Hilo ni kweli."

"Ila hawa ni wazima, tata," alisema, akiniita baba kwa Kinyakyusa.

"Anyosisye! Nimekufundisha darasa la nne. Unadhani sijui tofauti ya mzima na mfu?"

"Unaijua, Mwalimu. Nilikuwa nakumbusha tu."

Niliandika barua kwa Wilson, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa karani katika wizara hiyo. Jibu lilikuja kwa basi baada ya siku tisa: karatasi mbili zilizopigwa chapa, moja ya Waziri na moja ya Naibu. Nilizifungulia pale pale barazani, nikaanza kusoma kwa sauti ili Bwana Abdulwahab aaibike.

Mheshimiwa Bashiri Nangoma, Waziri wa Utafiti. Mkagua tiketi katika garimoshi, miaka saba. Karani wa bohari la pamba, miaka miwili. Katibu wa chama cha wafanyakazi. Mkuu wa wilaya, mara tatu, wilaya tatu, yote ndani ya miaka minne. Balozi katika nchi yenye theluji. Waziri wa Michezo. Waziri wa Mifugo. Na sasa, Waziri wa Utafiti.

"Endelea," alisema Bwana Abdulwahab.

Mheshimiwa Salma Mbaruku, Naibu Waziri. Karani wa simu za maandishi, posta. Mwalimu wa netiboli. Kiongozi wa kikundi cha ngonjera, kilichoshinda kikombe mara mbili. Mkuu wa wilaya. Naibu Waziri wa Ushirika. Na sasa, Utafiti.

"Na huo utafiti wenyewe?"

Niligeuza karatasi. Upande wa nyuma palikuwa na doa la chai.

Bwana Abdulwahab alicheka hadi akaegemea gunia la chumvi. "Maalim! Mkagua tiketi na mpiga simu! Hapo wakikosa mbegu mpya, hawakosi kuitolea tiketi na kuipigia simu!"

Nilikasirika, kisha nikafurahi. Nilikasirika kwa niaba ya sayansi. Nilifurahi kwa niaba yangu. Maana ikiwa kileleni amekaa mkagua tiketi, je, hapa chini hapahitajiki mtu aliyesoma? Na aliyesoma ni nani, kutoka mtoni hadi ziwani, kama si mimi?

Nikapanga mbinu. Ningesoma kila kazi ya Waziri kwa sauti nzito, moja baada ya nyingine, kisha baada ya neno "Utafiti" ningenyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Wananchi wangeliona pengo. Wakishaliona, macho yangetafuta mtu wa kuliziba. Nami ningekuwa nimesimama pale pale, katika koti lenye vifungo vya dhahabu!

Mke wangu Maria, ambaye watu wote humwita Mama Asajile kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, alinisikiliza huku akisugua tope miguuni. Ilikuwa Februari, na alikuwa ametoka palizi.

"Baba Asajile, si wanasema kamati ni ya wakulima?"

"Mimi ni mkulima."

"Tangu lini?"

"Mama Asajile, shamba ni langu."

"Shamba ni lako," alisema. "Mgongo ni wangu."

Niliona jibu hilo halina mantiki, nikaenda kunoa penseli.

Siku ikafika. Watu walijaa mbele ya kituo kipya kama siku ya mchezo wa mpira. Turubai lilitandwa, kwaya ikapangwa, na baada ya saa mbili za kusubiri magari matatu yalitokea na tope hadi madirishani. Waziri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho yasiyotulia sehemu moja. Naibu wake alikuwa mrefu, na alisalimiana na kila mtu kwa mkono mkavu wa kudaka mpira. Walipelekwa kwanza shambani na mtafiti wa kituo, Bwana Aliko, wakaonyeshwa vitalu, kisha wakarudishwa kukaa meza kuu.

"Sasa namkaribisha Mwalimu Hezroni atusomee wasifu wa wageni wetu," alitangaza Bwana Anyosisye.

Nikasimama. Nikavaa miwani. Nikafungua daftari.

Wanaume wote wakavua kofia.

Nilipendezwa. Nidhamu iliyoje! Wanawake nao walitoka kwenye mabenchi, mmoja mmoja, wakakaa chini na kunyoosha miguu, kanga zimefunika vichwa. Mahali palitulia kiasi cha kusikia kuku wa jirani. Nikajisemea: hivi ndivyo watu waungwana wanavyoipokea Serikali.

Ningalipaswa kushtuka. Kwa miaka minane hakuna mtu katika umati ule aliyeniona nimesimama na daftari lile isipokuwa mbele ya jeneza!

"Mheshimiwa Bashiri Nangoma," nilianza, "alizaliwa akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba."

Mwanamke mmoja akavuta kamasi.

"Tangu utotoni alikuwa mtiifu. Alipenda watu. Hakubagua mkubwa wala mdogo."

Naapa kwamba maneno hayo hayakuwamo katika barua ya Wilson. Yalijitokeza yenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Marehemu mia moja na kumi na wawili walikuwa wameyapitia.

"Alikagua tiketi kwa uaminifu kwa muda wa miaka saba."

"Yuuu!" alilia bibi mmoja wa mbele.

"Alikuwa karani wa pamba. Alikuwa mkuu wa wilaya, na kila alikopelekwa hakukaa sana. Alikuwa balozi katika nchi ya baridi kali, akaivumilia."

Hapo walilia wengi. Nadhani ile baridi ndiyo iliyowamaliza. Waziri alianza kuitazama mikono yake, mbele na nyuma. Naibu alimtazama Waziri usoni, kama mtu anayehakikisha rangi.

"Alikuwa Waziri wa Michezo. Alikuwa Waziri wa Mifugo. Na mwishowe, Waziri wa Utafiti."

Nikanyamaza, nikahesabu hadi tano.

Ule ukimya niliouandaa ili watu waone pengo, wao waliujaza kwa vilio! Sauti ilikuwa kubwa, na mimi, mtaalamu wa kazi hiyo, nilifanya kile ambacho koo langu lilikuwa limezoea kufanya vilio vikifikia hapo. Nilishusha sauti, nikainamisha kichwa, nikasema:

"Ameacha mke mmoja na watoto sita."

Nililisikia sikioni mwangu neno hilo likitoka. Nilitamani kulirudisha. Lakini kwaya ilikuwa imeshasimama, kwa kuwa kwa miaka minane kwaya ile ilisimama kwa neno hilohilo, ikaanza wimbo wa maziko kwa Kinyakyusa, sauti nne, na besi nzuri kuliko siku zote.

Na kana kwamba hayo hayatoshi, wanaume wanne wa kubeba jeneza walitoka nyuma kwa heshima, wakaenda hadi meza kuu. Mmoja aliinama akakagua kiti cha Waziri, akitafuta mahali pa kushika!

"Kaeni! Kaeni chini!" Bwana Anyosisye alikuwa akikimbia huku na huku akipunga mikono. "Ni mzima! Jamani, bado ni mzima!"

Lile neno "bado" halikusaidia.

Waziri akainuka. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mbele yake palikuwa na watu mia sita wenye machozi mashavuni, na mimi mmoja nisiyejua pa kuiweka miwani.

"Wananchi wa Kyela," alisema polepole, "ndaga fijo. Asanteni sana."

Kicheko kilitoka mahali fulani nyuma, kikasambaa.

"Nimekuwa kiongozi miaka ishirini na mitatu. Nimepigiwa makofi sana. Lakini kuliliwa, leo ndiyo mara ya kwanza! Wenzangu wakitolewa madarakani, hata simu zao haziwalilii. Nawashukuru. Ila nakuomba, Mwalimu, Naibu wangu usimsomee. Kesho ana safari."

"Na hali yangu njema kabisa," alisema Naibu.

Watu walicheka, nami nikacheka kwa adabu, nikadhani nimeokoka. Nilipiga hatua moja kuelekea kwenye benchi.

"Mwalimu, ngoja kidogo," alisema Waziri. "Pale uliposema Utafiti, ulinyamaza."

"Nilikuwa napumua, Mheshimiwa."

"Hapana. Mimi nilikaa kwenye mabehewa miaka saba. Abiria asiye na tiketi namjua: ukiingia tu, yeye anatazama nje ya dirisha. Na mimi wizarani nimetazama nje ya dirisha miezi kumi na minne. Umeninasa, na umefanya vizuri." Akanitazama kwa macho yale yasiyotulia, na safari hii yalitulia. "Sasa na wewe nikukague. Naambiwa unautaka uenyekiti wa wakulima. Tiketi yako iko wapi?"

Nikalinyoosha koti.

"Mheshimiwa, nina cheti cha ualimu cha mwaka 1951. Nimekuwa Mwalimu Mkuu miaka kumi na tisa. Nina hati ya mwandiko bora. Nimekuwa katibu wa..."

"Na mpunga?"

"Mpunga nimeufahamu tangu kuzaliwa, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Bwana Aliko, lete yale makopo."

Bwana Aliko alileta makopo mawili ya maziwa yaliyojaa udongo, kila moja na mche mmoja, akayaweka mezani mbele yangu.

"Katika miche hii," alieleza ili watu wote wasikie, "mmoja ni mpunga wetu wa Kyela. Mwingine ni mpunga mwitu, lile gugu linalomeza mashamba ya watu huku. Tunataka Mwenyekiti atakayetuambia limefika wapi na linazuiwaje. Mwalimu, mpunga ni upi?"

Niliinama. Mche wa kulia ulikuwa mfupi, umepauka kidogo, majani yake yameinama kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Mche wa kushoto! Mrefu, wa kijani kibichi, umesimama wima kama kiranja wa shule siku ya ukaguzi. Nilivutiwa nao mara moja. Kama ungekuwa mwanafunzi, ningempa bendera aishike.

"Huu wa kushoto, Mheshimiwa," nilisema kwa sauti ya kufika mbali, "ndio mpunga. Ule mwingine, mnauona wenyewe, ni gugu tupu."

Nikawatazama wanawake waliokaa chini. Hakuna aliyecheka. Walinitazama kwa huruma ileile waliyokuwa wamempa Waziri.

"Kyala wangu, Mungu wangu!" Sauti hiyo niliijua. Mama Asajile alikuwa amesimama katikati ya wenzake. "Baba Asajile! Hilo unaloliita mpunga si ndilo ninalong'oa katika shamba lako tangu Januari?"

"Mama Asajile, hapa pana wageni."

"Waone basi!" Alikuja mbele bila kuitwa, akamwamkia Waziri kwa kupiga magoti kidogo, kisha akashika mche wangu wa kushoto karibu na udongo, akauvuta. Haukutoka. Akauvuta tena, kwa mgongo wote. Ulitoka ukiburuta mzizi mrefu mweupe, umejizungusha ndani ya kopo kama kamba ya kufungia mbuzi. Akaushika wa kulia kwa vidole viwili, ukachomoka na kishungi cha mizizi myembamba.

"Huu ndio mpunga," alisema, akionyesha ule uliopauka. "Kwa macho hata mimi nitakosea, miche ikiwa michanga hivi. Mkono ndio unaojua. Gugu linavuta kamba chini. Ukilikata juu, kesho limerudi na ndugu zake. Sisi wa Ngonga tunaling'oa tope likiwa laini, tunalianika kwenye tuta mpaka life, ndipo tunapandikiza."

Bwana Aliko alikuwa akiandika mbio. Naibu Waziri alikuwa amesogeza kiti ili aone vizuri. Na Waziri? Waziri alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Mwalimu," alisema alipoweza, "usione haya. Bwana Aliko alinipa mtihani huuhuu asubuhi shambani. Na mimi nililichagua hilohilo refu!"

Umati ulilipuka. Akanyoosha mkono kuwatuliza, kisha akatangaza kwa sauti ya hotuba:

"Ndugu wananchi, nimemkagua mzee wenu. Kwa uenyekiti wa Kamati ya Wakulima, hafai. Kwa uwaziri, hana upungufu wowote!"

Wale wanaume wanne wa jeneza ndio waliocheka kuliko wote. Palepale Waziri alimteua Mama Asajile kuwa Mwenyekiti, na wanawake wakainuka kutoka chini wakipiga vigelegele vilivyofika, nadhani, hadi ng'ambo ya ziwa. Nami nilipiga makofi. Mikono ya koti ilikuwa mirefu, kwa hiyo hayakusikika.

Siku mbili sikutoka ndani. Siku ya tatu niliona Mama Asajile amepanga karatasi za kituo juu ya meza, akizigeuza huku na huku, nikaona upenyo wangu.

"Mwenyekiti," nilisema, "kamati haiwezi kukaa bila katibu. Unaujua mwandiko wangu."

Aliziweka karatasi chini.

"Kamati ina wanawake kumi na mmoja, Baba Asajile. Siwezi kumweka mume wangu kwa kuwa ni mume wangu. Watasema ni kujuana. Nitawauliza."

Aliwauliza Jumanne. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwa kuwa hawakuwa na katibu: ombi limekubaliwa, ila mwombaji atangulie kupalilia jaruba moja, ili anapoandika neno "gugu" awe anajua analoandika.

Nikaona ni sharti la haki. Alfajiri nilikunja suruali, nikaingia kwenye tope hadi magotini, nikainama kando ya mtu aliyekuwa akiinama hapo kwa miaka thelathini bila mimi kuuliza mgongo unauma wapi. Sasa nilijua. Unauma kila mahali.

Lakini nilifanya kazi! Sikusema neno. Kila mche nilioukamata niliuvuta kwa mgongo wote, kama nilivyofundishwa, nikaurusha juu ya tuta. Jua lilipokuwa limepanda nilikuwa nimemaliza mstari mzima, safi, bila jani hata moja, nikasimama kujinyoosha nikisubiri kusifiwa.

Mama Asajile alitembea taratibu hadi kwenye tuta. Aliokota nilichong'oa, akakitazama mizizi, akaokota kingine, akakitazama, akaenda hivyo hadi mwisho wa rundo. Kisha akaanza kuturudisha sote wawili mahali tulipotoka, mimi na ule mpunga wake, akiupandikiza upya mche mmoja mmoja.

"Nenda nyumbani ukaandike, Baba Asajile," alisema bila kuinuka. "Huo ukatibu umeupata. Hapa shambani utatuua njaa."